Mjumbe Aliyeuliza "Hujambo"

Juzi mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria alifika hospitali ya serikali hapa Shinyanga, kukagua kama askari wa vita ya Mjerumani wanatibiwa. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda cha jirani yangu, mmoja wa askari hao. Kidonda chake cha vita kilikuwa kinauozesha mguu, na bila amri ya mkubwa asingepelekwa kwa daktari wa upasuaji Mwanza.

"Hujambo, mzee?" Kiswahili cha mjumbe kiliishia hapo.

"Sijambo, bwana."

Angejibu nini? Kwetu Usukumani mtu hamwagi shida kabla salamu hazijaisha. Mjumbe akatabasamu, akageukia mlango.

Mke wa mgonjwa akamzibia njia. "Hiyo ilikuwa salamu, baba. Habari hujauliza."

Mjumbe akamtazama mkalimani aliyefuatana naye: anasema nini?

"Anashukuru, bwana," mkalimani akajibu, jasho likimtoka.

Mama yule alirudi kitandani akalifunua blanketi, na harufu ile haikuhitaji mkalimani.

Jioni mgonjwa alipakiwa kwenye lori la Mwanza. Tangu siku hiyo, nikisikia wakubwa wamekagua wakakuta wote hawajambo, nauliza tu: blanketi lilifunuliwa?