Mpiga picha aliyempaka mumewe krimu kwa ajili ya uso wa bibi harusi

Saa mbili asubuhi, chumba cha juu nyumbani kwa Atije kimejaa wanawake na harufu ya krimu. Binti yake Nefie, bibi harusi, amekaa kitini, amefumba macho. Dada yake mkubwa, Selvie, anambandika puleki zinazometameta, moja moja, juu ya uso uliokwisha kupakwa mweupe pe. Pembeni mwa dirisha, mpiga picha, Zdravka Mihova, anafunga kamera juu ya stendi ya miguu mitatu.

"Ukimharibu na huyu," Selvie anamwambia bila kugeuka, "tunakupaka wewe, tunakuoza upya."

"Nani atanichukua? Miaka hamsini na tisa, magoti yanalia kama mlango."

"Ukifumba macho na kunyamaza, wapo."

Wanawake wanaangua kicheko. Nefie anaongea bila kufungua meno: "Msinichekeshe jamani, krimu itapasuka."

Selvie ana haki ya kutania. Miaka minne iliyopita, kwenye kiti hicho hicho, aliyepakwa ni yeye, na aliyeharibu ni Zdravka.

Kwa Wapomaki, jamii ya Waislamu wa kijiji hiki cha mlimani, bibi harusi hupakwa hivi mara moja tu maishani. Hafumbui macho mpaka imamu aombe dua, na jioni uso huoshwa kwa maziwa. Baada ya hapo kinachobaki ni picha. Picha ya Selvie ipo ukutani kwa mama yake mpaka leo: ushungi mwekundu, mablanketi ya rangi zote, na katikati, mahali pa uso, sahani nyeupe.

"Mume wangu anasema ndiyo picha nzuri kuliko zote," anasema Selvie. "Eti humo sijamkunjia uso."

Zdravka, ambaye ana studio mjini Gotse Delchev na amepiga picha za filamu kwa miaka thelathini na sita, hajitetei. Siku ile alichagua filamu ya slaidi, kwa sababu hakuna inayotoa rangi kali kama hiyo.

"Slaidi ni kama mama mkwe," anasema. "Ukikosea kidogo, hasamehi. Nikapima mwanga kwenye blanketi jekundu lililotundikwa nyuma yake. Rangi ya blanketi ni nzito, kipima mwanga kikaniambia ongeza, ongeza. Nikaongeza. Blanketi likatoka zuri ajabu. Uso ukaungua."

Hakulipwa, wala hakudai. Kilichomuuma ni kwamba Selvie alimpigia simu kumpa pole.

Ndiyo maana Atije alipomwita tena kwa ajili ya binti wa pili, Zdravka alifungua friza yake, anamohifadhi filamu zisiharibike, mwezi mzima kabla. Chini ya soseji na pilipili za kuchoma kulikuwa na mikanda ya filamu ya aina tatu. Ya nyeusi na nyeupe aliiweka kando mara moja. Puleki nyekundu na ya kijani zingetoka kijivu kimoja. Slaidi hakuigusa. Ikabaki ya rangi ya negativu, ile inayosamehe mwanga ukizidi. Swali likawa kasi gani, yaani wepesi wa kunasa mwanga: mia nne, au mia moja na sitini?

Kila aliyemuuliza alimwambia mia nne. Chumba kina giza, dirisha dogo, filamu ya taratibu itataka kamera ibaki wazi karibu nusu sekunde, na hakuna binadamu anayetulia nusu sekunde.

Akamchukua mumewe, Kosta, dereva wa basi aliyestaafu, akampaka krimu uso mzima, akambandika vipande vya karatasi ya chokoleti, akamkalisha dirishani.

"Jirani alikuja kuazima ngazi," anasimulia Kosta. "Akaniangalia, akasema, 'Hongera,' akaondoka. Ngazi hakuchukua."

Picha za kasi ya mia nne zilitoka na chembechembe; krimu ikawa kama ukuta uliopigwa chokaa. Za mia moja na sitini zilikuwa laini, hata mkunjo wa pua ulionekana, ila Kosta alikuwa na macho manne. Alipepesa.

"Hapo ndipo nilipojua," anasema Zdravka. "Bibi harusi wa huku hapepesi. Amefumba! Anakaa saa mbili kama jiwe. Nani mwingine duniani atakukalia hivyo?"

Akanunua mikanda mitano ya mia moja na sitini, leva thelathini na mbili kila mmoja.

Leo asubuhi kipima mwanga hakikaribii blanketi lolote. Zdravka anakisogeza hadi shavuni pa Nefie, anasoma namba, anaisoma tena.

"Unanitekenya, shangazi," anasema Nefie.

"Vumilia, mwanangu. Vuta pumzi. Ishike."

Kamera inafunguka, inajifunga. Chumba kizima kimeshika pumzi pamoja na bibi harusi, hata Selvie.

Wiki mbili baadaye, mikanda imesafishwa, Zdravka anarudi kijijini na bahasha. Atije anaweka kahawa mezani na hainywi. Selvie ndiye anayeichukua picha ya kwanza, anaisogeza dirishani, anaipitia puleki kwa puleki.

"Hii ya kijani," anasema. "Juu ya nyusi. Nimeibandika upande."

"Imeonekana?" anauliza Zdravka.

"Imeonekana! Aibu gani hii, kijiji kizima kitaiona."

Zdravka anakunywa kahawa yake yote kwa mkupuo mmoja. Atije anaitundika picha kando ya ile ya sahani. Anataka kuishusha ya zamani, Selvie anamzuia: "Iache. Hiyo ni yangu."

Mkanda mmoja haukutumika. Zdravka ameurudisha kwenye friza, umefungwa ndani ya mifuko miwili, juu yake ameandika jina: Zeyra. Huyo ni binti wa Selvie, ana miaka mitatu.

"Filamu ya taratibu huvumilia barafu kuliko ya haraka," anasema. "Kiwanda cha filamu kinaweza kufungwa, hilo silijui. Mkanda utakuwepo. Nami nikiwepo, nitapima shavuni."

Kosta, anayesikiliza kutoka jikoni, ana ombi moja tu: majaribio ya safari hiyo yafanyiwe jirani.