Darasa la Marekani Lililobaki Bila Sinema

Siku yangu ya kwanza kazini Kakamega, Mkuu wa Magari ya Sinema alinitupia shuka jeupe la kuangika ukutani. "Hii ndiyo Marekani," akaniambia. "Ukiichafua, utarudi kwenu Mautuma kulima mahindi." Bendera yetu ilikuwa bado mpya, na mimi pia.

Nyinyi vijana hamkuiona projekta ya wakati ule. Mashine hiyo ya kurusha picha ilibebwa na watu wawili, na mkanda ukikatika tuliuunga kwa gundi huku watu wakipiga miluzi. Gari lilikuwa la ofisi ya utamaduni wa Marekani. Kila Jumatano tulilipeleka kwa Mwalimu Andayi, aliyewafundisha watu wazima historia na maisha ya Wamarekani. Makarani, wauguzi na wenye maduka walijaa ukumbini hadi madirishani.

Jioni moja, baada ya filamu kuhusu vyuo vikuu vyao, muuguzi mmoja, Mama Rispa, akasimama.

"Mwalimu, kwani watu weusi wa huko wanasomeanga wapi? Mimi sijaona hata mmoja."

Mwalimu hakumjibu kwa mkato. Wiki zilizofuata alisoma nao vitabu na magazeti, ya kuisifu Marekani na ya kuilaumu, wakabishana mpaka bawabu akaja kufunga. Mimi nilikunja nyaya polepole makusudi ili nisikie. Nililipenda darasa lile kuliko sinema zangu.

Habari zikamfikia Afisa wa Utamaduni. Alikuja mwenyewe, Mmarekani mpole, kofia mkononi.

"Mwalimu, filamu zetu zije na maswali yetu. Hayo mengine uyaache."

"Bwana Afisa, mashine ni yako. Darasa ni langu."

"Nakuheshimu sana, lakini nami nina wakubwa wangu."

"Basi ichukue."

Tuliibeba mimi na dereva. Watu walitutazama kama tunaotoa jeneza.

Jumatano iliyofuata nilikwenda bila gari, nikaketi dawati la mbele. Nusu ya watu hawakuja. Nilipomuuliza mwenye duka mmoja, alinicheka. "Sasa nitaenda kuangaria nini, ubao? Sisi tulikuwa tunaendanga kuona sinema, bwana!" Niliumia, kwa sababu nilijua hatanii.

Mama Rispa alidumu hadi alipohamishiwa Malava. Mwishowe tukabaki wawili. Mwalimu alinifundisha kwa sauti ileile ya ukumbi uliojaa, akiuliza swali na kungoja nimbishie. Nami nilimbishia, jamani, na elimu yangu ya kuungaunga.

Kisha Mkuu akanihamishia Bukura kuonyesha filamu za mbolea na ng'ombe. Nilikwenda kuaga. Mwalimu alijipangusa chaki mikononi taratibu.

"Sasa Jumatano nitabishana na nani?" akauliza.

Nilikuwa na watoto wa kulisha. Nilimshika mkono tu, nikaondoka.

Nimestaafu sasa, niko Mautuma na mahindi yangu, kama Mkuu alivyonitishia. Wajukuu wanaiangalia Marekani kwenye simu, na mara nyingine nawauliza wameona nini na hawakuona nini. Wanasema babu anasumbua. Nikicheka nao, moyo unabaki Kakamega.

Bawabu ndiye aliyenisimulia baadaye. Jumatano ile ya kwanza bila mimi, Mwalimu alifika kwa wakati wake, akaandika somo ubaoni, akakaa. Giza lilipoingia aliinuka, akalifuta mwenyewe, akamrudishia bawabu ufunguo wa ukumbi.