Mama mkwe alitamani kuingia ndani ya ndege, nikaingia mimi

Wakuu, habari za muda huu. Kuna jambo limenikaa kifuani, nalisimulia lilivyotokea bila kujipendelea. Shule yangu ndogo, mnivumilie uandishi.

Mama mkwe wangu anaishi Kinole. Ndege ikipita juu ya mlima, anaacha kuchuma pilipili manga anaitazama mpaka ipotee. Siku zote anamuuliza mke wangu Mwajuma, "Hivi humo ndani watu wanakaaje?"

Basi mwezi uliopita nikakodi gari, tukaenda Dar kwenye makumbusho ya ndege na vyombo vya anga. Mimi, Mwajuma, binti yetu Rehema na mama.

Mimi mbele na dereva, mama siti ya nyuma kabisa. Kwa wasiojua, kwetu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hata akija kwangu Mafiga anakula chumba kingine.

Tukaanza na roketi na nguo za wanaanga. Mama akaitazama ile nguo, "Sasa huyu akiwashwa mgongo?" Tulicheka.

Nje kuna ndege kuukuu, ndogo, unapanda kuona ndani. Viti viwili viwili, nafasi finyu, magoti yanagusana. Wanaingia familia kwa familia.

Mhudumu akamtania, "Panda bibi, hii hairuki tena, imezeeka kuliko wewe."

"Kumbe mzee mwenzangu!" Akashika ngazi kabisa.

Mimi nilishatangulia na Rehema. Nikachungulia mlangoni, "Karibu mama, nafasi ipo hapa."

Akaachia ngazi. "Kaeni tu baba. Magoti haya."

Nikaamini magoti. Nikapiga picha humo mpaka nikatosheka.

Tunashuka, mvua hiyo. Mhudumu akafunga mlango wa ndege. Tukasubiri, haikukata, tukaondoka.

Nyumbani Mwajuma akanipa ukweli. "Magoti gani? Anapanda mlima na mzigo kichwani! Angekaaje humo na wewe?"

"Si ungeniambia?"

"Nilijua unajua."

Na kweli najua wakuu. Ila niliona ni mambo ya mkeka na sahani, sikuwaza kama yanafika mpaka kwenye ndege. Mhudumu hana kosa, Mwajuma simlaumu. Mama angeweza kusema nishuke, lakini angeanzaje mbele za watu?

Juzi nikaenda Kinole kumwambia tutarudi, safari hii apande na mwanaye tu.

Sijapiga hodi, nikamsikia uani na majirani zake. "Viti viwili viwili, vya bluu. Kuna mkanda wa kujifunga tumboni." Yote hayo alihadithiwa na Rehema.

Mmoja akamuuliza, "Wewe ulikaa wapi?"

"Dirishani."

Nikapiga hodi. Nikamwamkia, akaitikia anaangalia chini.

Lile nililoendea sikulisema. Ningelisema pale ningemuumbua mbele ya wenzake. Nikaongea habari za mvua, nikaaga.

Nilichojifunza, mkwe akirudi nyuma usingoje akupe sababu. Mpishe.

Sasa nashindwa. Nikimtuma Mwajuma amwambie tunarudi Dar, si atajua nilisikia? Nikinyamaza, ndiyo basi hataingia tena. Labda naikuza tu, sijui. Wenye wakwe, ninyi mngefanyaje?