Bima ya Wazazi wa Mueni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya bima pale Sultan Hamud, meneja wa tawi alinionyesha kiti changu akaniambia, "Dada, hapa hatuuzi huruma. Tunauza kinga." Ilibidi apige kelele kwa sababu ya malori ya Mombasa. Nilimwamini, na kwa miaka mingi nikauza bima za malori na pikipiki bila kinyongo na mtu.

Baadaye nilihamishiwa Kitui mjini, meza ya wanaohamia nje. Ninyi vijana mnaokata bima kwa simu mnadhani ni kitu kimoja. Si kimoja! Bima ya msafiri hulipia dharura, kama mtu kuvunjika mguu. Bima ya makazi ndiyo inayotakiwa kabla jamaa wa mfanyakazi hajapewa kibali cha kuishi ng'ambo, na lazima ilipie hata ugonjwa aliokuwa nao kabla ya kuondoka. Jamaa huyo kazini tulimwita tegemezi. Mtu amekulea kwa jasho lake, leo anaitwa tegemezi! Neno hilo lilinichoma tangu mwanzo.

Siku moja waliingia bibi wawili kutoka Tseikuru, Syombua na Mwende. Binti yao Mueni alikuwa muuguzi Ulaya na aliwataka wote wawili. Kwangu mimi Mkamba hapakuwa na fumbo. Syombua hakujaliwa mtoto, kwa hiyo alimuoa Mwende kwa mila yetu, tunamwita iweto, ili boma lipate watoto. Mwende akamzaa Mueni. Kimila, Syombua ndiye baba, na ni mbuzi wake waliomsomesha yule binti.

Nilimpelekea meneja wa kanda maombi yao. Alikuwa mzee wa kanisa, mzaliwa wa Mbooni.

"Huyu mwingine muandike nyanya, tumalize," akasema.

"Bosi, nyanya hapewi kibali. Ni mzazi peke yake."

"Basi abaki! Unataka wazungu wafikirie sisi ni watu wa aina gani?"

Nilikasirika. Mbooni nzima ilijua kwamba nyanyake mwenyewe alioa iweto, na kwamba babake alizaliwa katika boma hilo. Nikapigia ubalozi simu mbele yake. Karani wa huko akajibu kwa upole, "Leteni bima kwanza. Mambo ya undugu tutaamua sisi." Nikamweleza meneja maneno hayo, neno kwa neno.

"Faili imefungwa," akasema, akachukua koti lake akaenda kula.

Bima ya Mwende ilitoka peke yake. Aliigeuza mkononi, akauliza, "Na ya mwenye boma?"

"Mwaitu, mama yangu, ofisi imekataa."

"Enda wewe umuone mtoto," Syombua akamwambia. "Mimi nitabaki na mbuzi."

"Nikuache na nani? Si wewe ulinileta kwa hiyo nyumba?" Mwende akanirudishia karatasi. "Shika, mwanangu. Mpe mkubwa wako."

Nikampa. Hata hakuuliza kwa nini imerudi.

Kiangazi kilichofuata Syombua alifariki bila kumwona binti yake tena. Meneja yule alipandishwa cheo, akafanyiwa sherehe, na mchungaji akamsifu kwa kutunza familia. Mimi sikupiga makofi.

Sasa nimestaafu, nalima maharagwe, na watu huniambia hasira haimfai mtu wa umri wangu. Wamwambie Mueni hayo. Alipokuja Tseikuru kumzika Syombua, alinishika mkono kando ya kaburi akaniuliza, "Auntie, kwani wazungu walimkataa baba yangu kwa sababu gani?"

"Wazungu hawakuulizwa, mwanangu," nikamwambia. "Tulimkatalia Kitui."