Mfuko wa Ndani wa Koti la Tarsis

Siku Bakili alipomwona Tarsis kwa mara ya kwanza, Tarsis alikuwa ameketi juu ya robota la mitumba katikati ya Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, anakula ndizi ya kuchoma, na magari yanampigia honi. Ulikuwa mwaka wa themanini na saba. Biashara zilikuwa zimefunguliwa na mizigo ilikuwa inaingia mjini kama maji yanavyoingia bonde la Jangwani wakati wa masika. Lori lilimshushia marobota tisa likaondoka, na wapagazi alikuwa amekosana nao kwa maneno. Kwa hiyo alikaa. Dereva mmoja akamtukana mama yake. Tarsis akamnyooshea ndizi, akamwambia, "Karibu, bado ya moto."

Bakili aliyaona hayo kutoka barazani kwa Ravindra, muuza vitambaa, alikokuwa na cherehani yake mwaka wa nane sasa. Tarsis akamgeukia.

"Fundi! Hapa Dar mtu akae barabarani muda gani ndipo aitwe mwenyeji?"

Bakili alitabasamu, akainamia kazi. Jibu lilimjia jioni, alipokuwa amekwisha fika kwake Buguruni. Ndivyo alivyokuwa. Watu walisema unaweza kushonewa suti nzima na Bakili usijue sauti yake ikoje.

Tarsis alipanga duka la jirani. Haikupita miaka miwili likajaa hadi darini, na mtaa mzima ukamwita Mangi, kama Wachaga wenye maduka wanavyoitwa. Mkewe Severa, mama wa mtoto wao Jovin, akaja kutoka Kibosho kusimamia mauzo. Kila siku saa nne asubuhi alimpelekea Bakili chai, akaiweka pembeni ya cherehani bila kuuliza, kwa sababu alishajua kwamba akiulizwa atasema hataki.

Mwaka wa tisini na tatu majambazi waliingia maduka mawili ya mtaa wa nyuma katika wiki moja. Tarsis akaanza kufuatilia kibali, akazunguka ofisi miezi mitano, akapata leseni ya bastola. Siku aliyoinunua aliileta barazani imefungwa kwenye taulo dogo, akaifunua kidogo kidogo mbele ya Ravindra na Bakili kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

"Baba yangu alikuwa na bunduki yake ukutani," alisema. "Sebuleni, pembeni ya picha ya Bikira Maria. Mgeni akiingia anasalimia watu, halafu anaitazama. Mwanamume ana shamba la migomba, ana mke, ana bunduki. Basi."

"Alipiga nayo nini?" Ravindra aliuliza.

"Hakupiga kitu."

"Maisha yake yote?"

"Ndiyo kazi yake hiyo, Ravi. Ikae, watu wajue ipo."

Ravindra alitikisa kichwa. "Mzee wangu kauza kitambaa hapa miaka arobaini. Alituambia mwizi akija na silaha mpe kitambaa, kitambaa kinafumwa kila siku. Na wewe ukishika silaha, wewe na yeye mmekuwa watu wa kazi moja."

"Ndiyo maana Wahindi mnaibiwa kila Ijumaa!"

"Naibiwa. Jioni nakula nyumbani kwangu."

Wakacheka wote wawili. Bakili hakucheka. Alikuwa anatazama lile taulo. Kwao Maneromango bunduki ilikuwa ya serikali. Nguruwe wakimaliza mihogo, wazee walikwenda kumwomba bwana nyama, askari wa wanyamapori. Akaja nayo, akapiga, akaondoka nayo, na watoto walifungiwa ndani mpaka apotee njiani. Mtu kuwa na bunduki yake mwenyewe, kwa Bakili, ilikuwa kama mtu kuwa na mahakama yake chumbani.

Mwezi wa kumi mwaka huohuo Ila, mke wa Ravindra, alikuja dukani kama alivyokuja kila sikukuu ya Dasara. Siku hiyo kwao vyombo vya kazi hupumzishwa na kuheshimiwa. Alivisha maua ya manjano mkasi na rula ya kupimia vitambaa, akatia kila kimoja alama nyekundu kwa kidole. Kwa ujirani, alitia na cherehani ya Bakili. Tarsis akatoka dukani kwake na taulo lake, akaliweka kwenye mstari.

"Shemeji, na hii. Nayo inanilinda nile."

Ila alibaki na kidole chekundu hewani, akamtazama mumewe.

"Kwetu wapo wanaoziweka," Ravindra alisema polepole. "Sisi nyumbani hatujawahi."

 Mke wa Ravindra hakutaka kumwaibisha jirani mbele ya watu. Akaligusa lile taulo, juu ya kitambaa tu, ikabaki doa dogo. Tarsis akaridhika, akamshukuru kwa mikono miwili.

Wiki iliyofuata alileta koti la kijivu alilolichomoa kwenye robota lake mwenyewe. Alitaka mfuko wa ndani, upande wa kushoto. Akaweka bastola juu ya meza ya cherehani.

"Pima, fundi."

"Iache hapohapo, Mangi. Nitakadiria kwa macho."

Hakuigusa. Alikata kaki ngumu, akashona mfuko kama alivyoshona mifuko yote ya ndani ya Kariakoo, na kifuniko na vifungo viwili, matundu yamebana. Mfuko usio na kifungo Kariakoo ni mfuko wa wachomoaji. Mikono yake ilijua hivyo, haikumuuliza. Na kama angesema ukweli, alijisikia nafuu kile kitu kilipofungiwa.

"Umeifungia kama mahari!" Tarsis alisema, akavaa, akajipiga kifuani. Hakulirudisha koti lile kurekebishwa.

Watu watatu wenye silaha walikuja Alhamisi moja ya mwezi wa saba, mwaka wa tisini na nne, saa nane mchana. Waliingia kwa Ravindra kwanza. Ravindra akainua mikono, wakachukua walichotaka. Wakahamia kwa Tarsis. Bakili alibaki na mguu juu ya pedali. Kutoka pale alimwona Tarsis akiingiza mkono ndani ya koti. Mkono ukakaa humo. Haikuwa muda mrefu, labda muda wa kutunga uzi kwenye sindano. Mmoja wa wale watu akauona, akapiga risasi moja, tumboni, wakakimbia.

Bakili ndiye aliyemshikilia mpaka gari la kumpeleka hospitali lilipopatikana. Aliliona koti. Kifungo kimoja kilikuwa kimefunguka. Cha pili bado.

Siku ya tatu Severa alikuja akasimama barazani, hana chai.

"Wewe Bakili! Umemfunga mume wangu mikono! Nani alikuagiza vifungo? Nani? Angeitoa wale wangekimbia!"

"Mama Jovin," Ravindra alisema, "siyo vifungo. Asingekuwa nayo, wangemwacha kama walivyoniacha mimi."

"Wewe nyamaza! Wewe uliinua mikono!"

Watu wakajaa. Bakili aliendelea kushona. Baadaye aligundua kwamba alikuwa ameshona mkono wa shati kwenye shingo, akafumua, akashona tena. Hakulia, wala hakukosa usingizi. Alikula alichopewa. Wateja walipungua, kisha wakaacha kuja. Waliopita walimwonyesha kwa kidevu: ndiye yule, wa vifungo. Fundi hana kingine ila jina, na la kwake lilikuwa linakwenda. Aliona kwamba neno moja tu la Tarsis mwenyewe, lolote lile, lingemaliza jambo. Akimlaumu, basi. Akimsamehe, basi.

Jumapili ya wiki ya pili alikwenda hospitali. Severa alikuwa ametoka kuchukua uji.

"Pole, Mangi."

"Nimeshapoa." Hakuwa amepoa. Uso ulikuwa umebaki mifupa. Ndugu zake walikuwa wanapanga kumpeleka Kibosho.

"Mangi, vile vifungo niliviweka mimi. Hukuniagiza. Ni mazoea tu."

Tarsis alitazama dari. "Vilikuwa vigumu," alisema. "Nilivijaribu nyumbani, mbele ya kioo, mlango nimefunga. Kama mara ishirini. Sikuweza kuitoa haraka hata mara moja."

"Ungenirudishia. Ningevitoa dakika mbili."

"Nikwambie nini? Kwamba mwanamume na bastola yake ameshindwa na vifungo? Na Ravi amekaa palepale anasikia?"

 Bakili hakuwahi kumwomba mtu kitu. "Basi mwambie Mama Jovin. Hivyohivyo ulivyoniambia mimi."

 Nje, kandambili za Severa zikaanza kusikika kwenye ukumbi, zinakaribia. Tarsis alisafirishwa Jumanne, akazikwa kwao kabla ya mwezi kwisha. Bakili hakumwona tena. Lakini pale, kabla mlango haujafunguliwa, Tarsis alimshika mkono wa shati, akamvuta karibu.

"Severa usimwambie, fundi. Akilaumu, mwache akulaumu wewe."