Ukoko wa Jumapili

Katika nyumba ile ukoko haukugombaniwa. Kwingine watoto huvizia sufuria kama paka, mwenye mikono mirefu anapata na mwenye mikono mifupi analamba mwiko. Kwa mama huyu haikuwa hivyo. Kila Jumapili alipika wali wa maharage, akawapakulia wote, kisha sufuria ikabaki mbele yake. Alichukua kijiko bapa akakwangua polepole, kra, kra, kra, na kile kipande kizuri kuliko vyote, cha kahawia na kinachong'aa mafuta, akakiweka kiganjani mwa mmoja wao. Si kwenye sahani. Kiganjani.

"Shika," alisema. "Wiki hii wewe ndiye uliyechoka kuliko wote."

Wiki nenda, wiki rudi, aliyechoka kuliko wote alikuwa binti mkubwa. Baba yao alikuwa fundi nguo, na alipofariki binti alikalia cherehani yake hata kabla miguu haijakifikia vizuri kile kikanyagio. Alishona sare za shule za watoto wa watu, yeye mwenyewe shule ameiacha. Mdogo wake wa kiume aliyesomeshwa na cherehani hiyo hiyo alinuna kila Jumapili.

"Mama una upendeleo!"

"Haya, kesho kashone wewe," mama alimjibu, na kesi ikaisha hapo.

Basi yule binti akakua, akawa fundi wa kuaminika, akaolewa na dereva wa lori, akafungua kibanda chake cha ushonaji kwenye chumba cha mbele cha nyumba. Ukimuuliza chakula gani kitamu duniani, hakutajii nyama wala keki. Atakwambia ukoko wa mama, ungali wa moto, unaurusha mkono huu hadi mkono ule huku unapuliza, halafu ukiung'ata unalia kama kuni kavu. Akisimulia hivyo hata mkasi anauweka chini.

Mama alipozeeka, mikono ikaanza kumtetemeka, akahamia kwa yule mtoto wa kiume, ambaye sasa alikuwa fundi umeme. Jiko likashikwa na mkewe. Wifi huyu alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti, mwepesi wa miguu, na mkono wake ulikuwa mtamu. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Angekuwa anapika ovyo, yule fundi wa cherehani angempenda sana.

Jumapili moja, familia yote imekaa kwa fundi umeme, mama akaletewa sufuria. Akakwangua, kijiko kinatetemeka. Fundi alikwisha kukunjua kiganja chake chini ya meza bila mwenyewe kujua. Mkono wa mama ukapita mbele yake, ukaenda hadi kwa wifi.

"Shika, mwanangu. Wiki hii umechoka."

"Jamani, mama! Mimi?" Wifi akacheka, akakitia kinywani. Kikalia kra! Chumba kizima kilisikia.

Fundi akatabasamu kwa meno tu. Hata chai hakuisubiri, akasema ana nguo ya mteja.

Njiani mumewe alimtazama kwa jicho la pembeni. "Umenuna kwa sababu ya wali ulioungua?"

"Haukuungua! Na sijanuna."

"Mke wangu, mla ni mla leo. Mla jana kala nini?"

Methali ile ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Wiki nzima alivunja sindano. Alipima kiuno cha mteja akaandika kipimo cha bega. Akikanyaga cherehani alisikia kra, kra. Yule mwanamke kaja juzi tu, alijiambia. Alikuwa wapi mimi nikishona kwa mwanga wa kibatari? Jina "mwanangu" lile alilipata duka gani?

Akakata shauri. Jumapili iliyofuata wote waje kwake. Atapika mwenyewe wali wa maharage, mama ataonja, ataona damu ni damu, na kijiko kitajua njia ya kurudi.

Tatizo ni kwamba hakuwahi kuupika. Kuula, alikuwa profesa. Kuupika, hata siku moja. Lakini mtu aliyekula kitu maisha yake yote atashindwaje kukipika? Ndivyo alivyowaza.

Jumapili asubuhi akawasha jiko kwenye chumba cha kushonea, ambacho ndicho pia alichopikia. Ndani ya chumba kile kile, kwenye kamba, lilining'inia gauni la bibi harusi wa Jumamosi ijayo, jeupe pe, shela limefika karibu na sakafu. Fundi alilifunika kwa shuka mbili, akalisogeza, akalirudia tena. Kila alipoitazama chupa ya mafuta aliliona gauni. Mafuta yakimrukia mtu anapona, yakirukia hariri ya mteja haiponi. Kwa hiyo akamimina tone, akaongeza tone jingine kwa woga, akafunika chupa. Makaa akayapunguza yasitoe moshi. Vitunguu hata havikubadilika rangi, vililainika tu kama vinaumwa. Wali ukaiva kwa moto wa kubembeleza mtoto.

Wageni wakaja, wakala. Hakuna aliyesema ni mbaya. Mumewe, Mungu ambariki, ndiye aliyefungua mdomo.

"Wali mzuri huu. Sufuria wala haina kazi kuosha."

Fundi akamkanyaga chini ya meza. Kisha akaiweka sufuria mbele ya mama, akamkodolea macho kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

Mama akashika kijiko. Akakwangua. Hakikulia kitu. Akainamisha sufuria kwenye mwanga wa dirisha: chini kulikuwa kweupe, kumetakata, kama sahani iliyolambwa. Akajaribu pembeni. Kijiko kikatoka na punje tatu laini.

Fundi umeme akakohoa ili asicheke. Wifi akasema, tena kwa upole kabisa, "Wifi, umepika kwa moto wa woga. Mafuta uliweka?"

Afadhali angemcheka. Upole ule ndio uliomchoma.

"Wewe usinifundishe!" Fundi alisimama, kiti kikaanguka. "Unajua kwa sababu ulionyeshwa! Mama amesimama na wewe jikoni, kakushika mkono. Mimi nani alinishika? Kila nikisogea jikoni nafukuzwa. Miye ni wa kushona tu! Na sasa hata kile kipande kimekwenda kwako!"

Wifi akatazama sakafu. Mama akaweka kijiko chini, na mikono yake ilipokosa cha kushika ikazidi kutetemeka.

"Ni kweli nilikufukuza," alisema. "Mteja alikuwa akiinusa nguo kabla ya kulipa. Ikinuka kitunguu, anairudisha. Ikirudi, hatuli. Ningekufundisha lini, mwanangu? Nilichokuwa nacho cha kukupa ni kile kipande."

"Basi nifundishe sasa."

Mama akainua mikono yake miwili juu, ili wote waione inavyocheza.

"Kwa hii? Nikishika mafuta, nyumba inaungua. Vyote nilivyokuwa navyo mikononi viko kwa huyu." Akamwonyesha wifi kwa kidevu. "Ukitaka, nenda ukavichukue kwake."

"Nifundishwe chakula cha mama yangu na mtoto wa watu?"

"Basi kula wali wako mweupe," mama akasema, na akaomba maji ya kunawa.

Wiki ile fundi alimaliza gauni, bibi harusi akaja akalia kwa furaha, fundi hata hakusikia raha. Alikuwa akifikiria kitu kimoja: mama siku moja hatakuwepo, na ladha ile itabaki kwenye mikono ya yule mwanamke peke yake. Kila akitaka kuonja utoto wake itabidi abishe hodi kwa mtu. Wazo hilo lilimuuma kuliko upole wa wifi.

Jumapili akatokea kwa fundi umeme mapema, kabla hata maharage hayajachambuliwa. Wifi alimwona mlangoni, akataka kucheka, akajizuia.

"Karibu, wifi. Vua viatu hivyo, jikoni kuna maji."

Akapewa ungo achambue maharage, kama mtoto. Akachambua. Akapewa vitunguu, akalia, na hakuna aliyejua machozi ni ya vitunguu au ya nini. Ilipofika mafuta, akamimina tone.

Wifi akamshika kifundo cha mkono, akaiinamisha chupa. "Mimina, wifi. Hapa hakuna hariri ya mtu."

Mkono ule ulikuwa wa moto na una nguvu, na fundi alijua ni mkono wa nani uliowahi kuushika na kuuinamisha namna hii hii, hapa hapa. Alitamani kuukata autie mfukoni. Badala yake akamimina, akamimina, mpaka wifi mwenyewe akapiga kelele, "Basi, basi! Unataka kukaanga nyumba?"

Wali ukafunikwa. Wakasimama bega kwa bega, hakuna aliyetaka kutoka mwingine akabaki. Sufuria ikaanza kunong'ona, chii, chiii, na kila mmoja akatega sikio.

Kutoka sebuleni mama akauliza, "Harufu hiyo! Nani yuko jikoni leo?"

"Mimi!" wakajibu wote wawili.

Ila sauti ya fundi ilikuwa kubwa zaidi. Alihakikisha.