Wanisa, Mshika Simu za Harusi

Hapa Suk al-Juma, ukimsikia mwanamke akilalamika kwamba amepekuliwa kama mwizi kwenye harusi ya mpwa wake, huna haja ya kuuliza nani alikuwa mlangoni. Alikuwa Wanisa. Mjane mfupi, mnene kiasi, mwenye jicho la kuona simu iliyofichwa ndani ya soksi. Kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni pa ukumbi kwenye sherehe za wanawake, na wallahi hakuna simu iliyompita.

Kazi hiyo msiidharau. Wanawake wa Tripoli wakishaingia ukumbini wanavua mitandio, wanaachia nywele, wanacheza mpaka viatu vinarushwa pembeni. Picha moja tu ikitoka humo ikafika kwa mwanamume asiyehusika, basi. Tumeona ndoa zikivunjika, tumeona ndugu wakiacha kusemezana kwa picha ya mgongo tu. Kwa hiyo kila anayeingia anatoa simu yake, inatiwa kwenye kifuko cha kitambaa, kinafungwa fundo, mwenyewe anapewa kipande cha namba. Vifuko vinajaa kapuni, na vinavyozidi Wanisa anavipakata.

Na hakuwa na mkubwa wala mdogo. Siku moja mke wa jaji alimsimamia, mikono kiunoni.

"Wewe unajua mimi ni nani?"

"Nakujua sana, mama. Ndiyo maana naitaka yako kwanza. Picha yako itatembea mbali kuliko ya hawa."

Watu walicheka mpaka mwenyewe akacheka, akaitoa.

Mtu mmoja tu hakuwa akidaiwa simu: bibi harusi. Yeye huingia kwa vigelegele na ngoma, na kumsimamisha mlangoni ni nuksi. Halafu, nani angeisaliti sherehe yake mwenyewe?

Simu zile zilikuwa zikitetema mapajani mwa Wanisa, zikiwaka ndani ya kitambaa, waume wakipiga kama wamefiwa. Wanisa hakupata kugeuza hata moja ili aone jina. "Simu ya mtu ni kama chumba chake cha kulala," alikuwa akimwambia Hamida, mwenzake wa mlangoni. "Hata ukiukuta mlango wazi, hupigi jicho." Wanawake walimwamini kwa hilo. Walimtumia ujumbe wa mambo yao mazito: huyu amekuja harusini bila mumewe kujua, yule anaomba akalishwe mbali na mke mwenzake. Yote yaliingia kwenye simu ya Wanisa na hayakutoka.

Simu yenyewe aliiandaa Najla, mwanawe wa pekee. Msichana mwerevu, mwalimu wa watoto wadogo, na kompyuta anaichezea anavyotaka. Siku Wanisa aliponunua simu mpya, Najla aliichukua, akaibonyezabonyeza, akamrudishia.

"Nimekuwekea kila kitu, mama. Wewe usihangaike."

Wanisa naye, kwa furaha ya mzazi, alitangaza mtaa mzima kwamba ana fundi ndani ya nyumba. Masikini ya Mungu. Mganga hajigangi.

Sasa, karibu na msikiti wetu palikuwa na mkaanga sfinza, yale maandazi mapana tunayokula asubuhi ya Ijumaa. Jina lake Miftah. Mkewe alifariki, watoto wake wamekua, naye ni mtu mpole, mwenye mikono iliyojaa alama za mafuta ya moto. Aliomba namba ya Wanisa kwa sababu ya harusi ya mpwa wake, na harusi ile ilipokwisha, namba haikufutwa. Akaanza kumtumia salamu. Salamu zikawa ujumbe wa sauti.

"Bi Wanisa, ile sfinza ya kwanza kutoka mafutani siku ya Ijumaa nimekuwekea wewe. Marehemu mke wangu alikuwa akisema ya kwanza huungua. Yako nitaisimamia mwenyewe, haitaungua."

Nani asingecheka? Wanisa alicheka peke yake jikoni, mkono mdomoni. Wiki baada ya wiki mambo yakakomaa, mpaka Miftah akasema kwamba Idi ikipita atamtuma dada yake aje kuposa kwa heshima. Wanisa alifungua bomba la maji ili sauti isivuke ukuta, akajibu kwa kunong'ona: "Mwambie dada yako aje. Nitamsongea ugali wa bazin mpaka aombe msamaha wa tumbo." Akacheka tena, kicheko kile cha ujana ambacho tangu afiwe hakuna aliyewahi kukisikia. Akautuma ujumbe pamoja na kicheko chake.

Wanisa hakumwambia Najla, ambaye naye alikuwa ameposwa mwaka huo. Alipanga amwambie kwa wakati wake, kwa mdomo wake, mambo ya posa ya Najla yakishatulia. Neno lile lilikuwa lake, na yeye ndiye wa kuchagua siku ya kulitoa. Alitaka hilo tu.

Idi ikaja, ikapita. Dada wa Miftah hakuja. Wanisa alituma salamu, hazikujibiwa. Ijumaa alikwenda mwenyewe kununua sfinza, akakuta mlango umefungwa na karai halipo. Majirani wa duka walimtazama, wakatazamana, mmoja akajifanya anafagia. Hakuelewa. Alirudi nyumbani na mfuko mtupu, akajilaumu yeye. Labda nilijirahisisha. Labda mzee mzima nimechezewa kama mtoto wa shule.

Siku tatu nne alijikaza, kisha akaangua kilio mbele ya binti yake. Alimwambia kwa ufupi sana: kuna mtu, yule mkaanga sfinza, alikuwa amekusudia kuja kumposa, na sasa ametoweka. Zaidi ya hapo hakusema. Najla alimkumbatia, akampikia chai nzito ya povu, akamkalia miguuni akimsugua vidole.

"Basi, mama, nyamaza. Wanaume ndivyo walivyo. Leo sfinza ya kwanza ni yako, kesho hata jina lako halijui."

Wanisa aliinua glasi, akanywa. Chai ilikuwa ya moto, ikamchoma ulimi, akaimeza hivyo hivyo. Alimtazama binti yake utosini pale alipoinama.

Kesho yake, ukumbini, kabla wageni hawajaanza kufika, alimsogelea Hamida.

"Hamida, mtu anaweza kusikiliza simu yangu bila kuishika?"

"Nani huyo?"

"Wewe nijibu kwanza."

Hamida aliichukua, akafungua hapa, akafungua pale, kisha kidole chake kikasimama.

"Dada Wanisa, simu yako ina ndugu. Imeunganishwa na kompyuta. Tazama jina."

"Soma wewe. Sina miwani."

Miwani ilikuwa kifuani pake, inaning'inia.

"Imeandikwa Najla. Imeunganishwa tangu siku ulipoinunua. Na leo asubuhi imefunguliwa."

"Anaona nini?"

"Kila kinachoingia na kila kinachotoka. Anasoma, anasikiliza. Yako, na ya hawa wanawake wote wanaokuandikia." Hamida alishusha sauti. "Yangu pia."

Kikulacho ki nguoni mwako. Siku hiyo Wanisa alipokea simu zote kama kawaida, akafunga mafundo, akagawa namba. Mikono ilijua kazi yake. Yeye mwenyewe hakuwapo.

Alipofika nyumbani alimkuta Najla sebuleni akikunja mashuka ya harusi yake. Hakuvua hata juba.

"Sfinza ya kwanza ulisikia wapi?"

Najla akaendelea kukunja. "Si umeniambia wewe?"

"Sikukwambia."

Shuka likaanguka. Msichana alikaa juu ya sanduku, akafunika uso, kisha maneno yakamtoka kwa pamoja. "Mama, wakwe zangu wangesema nini? Mtu na mama yake wanaolewa mwaka mmoja! Yule mama yao anatafuta sababu tu ya kuivunja posa. Mwanzoni niliunganisha ili nikusaidie ukikwama. Haki ya Mungu, mwanzoni ilikuwa hivyo."

"Halafu ukasikiliza."

"Nikasikiliza."

"Ukaishia hapo?"

Najla aliliokota lile shuka, akalipakata. Kwa jirani mtu alikuwa akigonga msumari ukutani.

"Nilimpelekea Mjomba Salim sauti yako," Najla alisema. Salim ni kaka yake Wanisa, mtu wa kelele na heshima za kujitengenezea. "Alisema atazungumza naye tu. Mtu na mtu. Mimi sikujua, mama. Alikwenda Ijumaa moja, watu wako kwenye foleni. Akaufungulia ule ujumbe wako kwa sauti ya juu, ule wa bazin. Akawauliza wanaume waliokuwepo kama hiyo ni sauti ya mwanamke mwenye kaka."

Wanisa alishika kiti, hakukaa.

"Na kicheko?"

"Mama..."

"Nakuuliza wewe. Na kicheko changu walikisikia?"

"Walikisikia."

Mtu anaweza kukuibia dhahabu ukasema Mungu atanipa nyingine. Kile kicheko alimtumia mtu mmoja, kwa bomba lililofunguliwa, kwa mkono mdomoni. Sasa muuza nyama anacho, kinyozi anacho, na yule aliyejifanya anafagia naye anacho. Na aliyewapa ni mtoto aliyemnyonyesha. Ee Mola, uchungu huo unaupeleka wapi?

"Nilikuwa nakulinda," Najla alilia.

"Kulinda ndiyo kazi yangu mimi, Najla. Ndiyo iliyokulea, ndiyo iliyonunua hayo mashuka. Anayelinda hachungulii."

Akaingia chumbani kwake. Kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe, alizungusha ufunguo.

Hamida alimkatia ule muungano, akambadilishia na neno la siri. Wanisa alimtumia Miftah ujumbe mmoja, akaeleza kilichotokea. Jibu lilikuja kutoka Zliten, alikohamia kwa mwanawe. "Sina kinyongo nawe, Bi Wanisa. Lakini wale watu walicheka, nami nilisimama na kijiti cha kugeuzia sfinza mkononi nisijue la kusema. Nikikuona nitawasikia. Mungu akusitiri." Aliusikiliza mara moja. Hakuufuta, wala hakuufungua tena.

Kisha akafanya jambo ambalo wengi wetu tusingelifanya. Aliwapigia wale wanawake mmoja mmoja, akawaambia yale waliyomwandikia yalikuwa yakionekana na mtu mwingine ndani ya nyumba yake. Jina hakulitaja. Wengine walimshukuru. Wengine walimpaka matope. "Mshika simu gani huyo," alisema mmoja sokoni, kwa makusudi asikike, "simu yake mwenyewe hajui inashikwa na nani?" Harusi mbili zikamkwepa, zikamwita mwingine.

Ikafika alasiri ya harusi ya Najla. Wapo waliosema Wanisa hatakuja, wapo waliosema atakuja na kukalia kiti cha mama mtu, apokee mikono ya pongezi, yaishe. Mama na mwana si wa kuachana. Alikuja. Amevaa hariri ya mistari, dhahabu yake yote kifuani, amependeza kuliko siku zote. Akapita kwenye kile kiti kilichopambwa, akavuta kistuli chake cha kila siku, akakaa mlangoni na kapu lake.

"Mama Najla, leo pumzika!" wageni walimwambia.

"Nitapumzika. Toa simu."

Mama wa bwana harusi alitoa yake kwa vidole viwili. Wanisa akafunga fundo, akampa namba, akamkaribisha kwa adabu zote.

Ngoma zikalia nje. Vigelegele vikapanda. Najla akaingia, uso umefunikwa kwa kitambaa chepesi, hina mpaka viwikoni, shangazi zake nyuma wameshika pindo. Alipofika mlangoni, mkono wa Wanisa ukanyooshwa mbele yake na kifuko kitupu.

"Simu, mwanangu."

Vigelegele vikakatika. Hamida akatazama chini.

"Mama, mimi ndiye bibi harusi."

"Naona. Toa simu."

"Ni nuksi hiyo!" mama wa bwana harusi alipaza sauti kutoka ndani. "Tangu lini bibi harusi akapekuliwa?"

Wanisa alikishikilia kifuko palepale. Angeweza kusema kila kitu pale, mbele ya mitaa mitatu, na yule mama mkwe angepata sababu aliyokuwa akiitafuta. Alisema maneno mawili tu, kwa upole: "Nakusubiri wewe."

Najla aliingiza vidole ndani ya mkono wa gauni, akaitoa. Alinong'ona, "Unaniaibisha, mama." Wanisa akaitia simu kwenye kifuko, akafunga fundo, akamwekea kipande cha namba kiganjani juu ya hina. Kisha akamnyooshea kitambaa begani, akasogea kumpisha. Ngoma zikaanza tena, kwa kusitasita, halafu kwa nguvu.

Sherehe nzima simu ile ilikuwa mapajani mwake. Ilitetema. Iliwaka ndani ya kitambaa, ikazima, ikawaka tena. Hamida akashindwa kuvumilia.

"Dada, hata hutaki kujua ni nani?"

"Si yangu."

Bibi harusi alipotolewa kwenda kwa mumewe, alisimama mlangoni tena. Wanisa alimletea kifuko. Najla alikipokea, akalitazama fundo. Lilikuwa vilevile lilivyofungwa. Wanja ulimtiririka, akasimama akingoja mama yake aseme neno, lolote, hata la matusi.

"Namba yako," Wanisa alisema.

Najla akafungua kiganja, akampa kile kipande.